Tulivyowafundisha Kiingereza watoto waliotoka Congo, hapa Nakivale

Ushauri wa kwanza tuliopewa sisi vijana wa kujitolea hapa Nakivale, makazi ya wakimbizi kusini magharibi mwa Uganda, ni huu: mtoto akishaingia darasani, Kiswahili marufuku. Haraka ya waliotushauri inaeleweka, maana mtihani wa darasa la saba Uganda ni Kiingereza kitupu. Tukaufuata majuma mawili. Darasa likawa kimya zii, hata aliyebanwa na haja hakujua aombeje ruhusa. Tukakirudisha Kiswahili, na mambo yakafunguka.

Mtoto aliyefika darasa la tano Bukavu, kule Congo, hurudishwa la pili kwa sababu ya lugha tu, na jambo hilo linaniuma. Kusoma anajua. Shida ni kwamba anasoma Kiingereza kwa kanuni ya Kiswahili, kila herufi anaitamka. Basi tunaanza na maneno ambayo macho yake yameyazoea: mate, pale, pole, vile. Tunayaandika kwa kalamu ya wino mzito kwenye vipande vya maboksi ya sabuni, kila kimoja upana wa kiganja. Maboksi tunaomba dukani bure.

Mtoto anasoma "mate", wenzake wanacheka. Tunaifunika e ya mwisho kwa kidole, inabaki "mat", yaani mkeka. Tunaifunua: e yenyewe haisikiki, lakini imeibadilisha a iliyotangulia, neno limekuwa "meit", mwenzi. Hapo utaona vidole vyao vinakimbilia kadi nyingine kufunika na kufunua. Kadi nne kwa siku zinatosha, zikizidi wanachanganya. Na juma hilo usiguse "come" wala "give", maneno hayo yanaivunja kanuni kabla haijakaa.

Imla nayo ina mtego wake. Majina ya herufi walijifunza kwa Kifaransa. Ukitaja E ya Kiingereza anaandika i, ukitaja G anaandika j, na J inakuwa g. Usimkaripie, sikio lake limesikia sawasawa. Kwa mwezi mmoja wa mwanzo sisi tunasema "e ya embe", "i ya inzi".

Kwenye hesabu tunakwenda na daftari la mtoto kwa mwalimu wake wa darasa, kabla ya mitihani. Namba 1 ya Congo ina mkono mrefu, hapa inasomwa saba. Mbili na nusu anaandika 2,5 badala ya 2.5. Akigawanya, namba inayogawanya anaiweka kulia. Jibu ni sahihi, alama zinapotea. Mwalimu akionyeshwa hayo matatu, huelewa mara moja.

Kabla ya siku ya kwanza shuleni tunamtafutia mwenzake wa njia moja aliyekwisha kuzoea, wawe wanakwenda na kurudi pamoja. Na jioni ya kuamkia siku hiyo tunamfundisha kwa mdomo, bila kuandika, sentensi mbili tu: "May I go out?" na "Please repeat." Anazirudia mpaka azitamke bila kumtazama mtu usoni kwa hofu.