Banda na Chakula cha Kuku wa Nyama katika Joto la Dar es Salaam

Wafugaji wengi wa kuku wa nyama ninaokutana nao Chanika, Goba, Mbagala na Kigamboni huanza mazungumzo kwa kulalamikia chakula: kwamba kimepanda bei, kwamba ubora umeshuka, kwamba kuku wa wiki nne hawajafikia uzito ambao wanunuzi wa soko la kuku la Shekilango wanautaka. Malalamiko hayo yana msingi, kwa kuwa chakula huchukua takriban theluthi mbili ya gharama zote za kufuga. Hata hivyo, nimekuja kuamini kwamba katika jiji hili chakula hakiwezi kujadiliwa peke yake. Sehemu kubwa ya kile anachokula kuku hugeuka kuwa joto mwilini mwake, na joto hilo lisipopata pa kutokea ataacha kula, hata ukimwekea chakula bora kuliko vyote. Banda na chakula ni hesabu moja.

Ni vema kwanza kumfahamu ndege mwenyewe. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walichapisha matokeo ya kulea pamoja, kwa chakula kilekile, kuku wa ukoo wa mwaka 1957, wa 1978 na wa 2005. Walipofikisha siku 56, wa kwanza walikuwa na wastani wa gramu 905, wa pili gramu 1,808, na wa tatu gramu 4,202. Tofauti hiyo imetokana na uteuzi wa wazazi kizazi baada ya kizazi. Nayataja haya kwa sababu bado nasikia, hata kutoka kwa wasomi, kwamba broila huchomwa sindano za homoni ili akue haraka. Dhana hiyo haina msingi, na inawaharibia biashara watu wanaofuga kwa uaminifu. Ukuaji huo una gharama yake, lakini gharama hiyo hulipwa na ndege: mwili unaokua kwa kasi hutoa joto jingi, na kuku hana tezi za jasho, hivyo njia yake kuu ya kujipoza wakati wa joto kali ni kuhema kwa mdomo wazi. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, kama ilivyo hapa pwani kuanzia Desemba hadi Machi, kuhema huko humsaidia kidogo sana.

Kwa sababu hiyo naona kosa kubwa la mabanda yetu ni kujengwa pale palipobaki nafasi. Urefu wa banda unapaswa kuelekea mashariki na magharibi, ili jua la asubuhi na la jioni lipige kuta fupi za mwisho tu, na pande ndefu zipokee upepo wa kaskazi na wa kusi kila mmoja kwa majira yake. Upana usizidi mita 9 au 10, maana zaidi ya hapo upepo haufiki katikati. Kozi mbili au tatu za tofali zinatosha kwa ukuta wa pembeni, kisha wavu hadi juu, na mapazia ya turubai yanayofunguliwa kuanzia juu kwenda chini ili upepo wa usiku usiwapige vifaranga moja kwa moja. Paa linyanyuke, na lichomoze nje karibu mita moja kuzuia jua na mvua ya masika. Viwanja vyetu ni vidogo, na mara nyingi banda hubanwa kati ya fensi na nyumba ya jirani. Banda la namna hiyo, hata liwe na wavu pande zote, halina upepo, na mwenye nalo afuge kuku wachache zaidi kuliko eneo la sakafu linavyomruhusu.

Kuhusu idadi, kuku 10 kwa mita moja ya mraba ni kiwango ninachokitetea kwa banda la wazi, na miezi ya joto nashauri 8. Wapo wanaonijibu kwamba Ulaya hubananisha zaidi, na ni kweli: sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2007 inaruhusu kilo 33 za kuku hai kwa mita ya mraba, na hadi 42 kwa masharti. Lakini masharti hayo yanahusu vipimo vya joto, unyevu na gesi ya amonia, na mabanda ya huko huendeshwa kwa feni na mitambo ya kudhibiti hewa. Kwetu pia mabanda yaliyofungwa yameanza kuonekana, yenye feni kubwa upande mmoja na, upande wa pili, pedi zinazoloweshwa maji ili kupoza hewa inayoingia. Ni teknolojia nzuri, ila katika hewa yenye unyevu mwingi pedi hupoza kidogo, na kinachomwokoa kuku ni kasi ya upepo. Umeme ukikatika mchana wa joto, kuku wakubwa wanaweza kufa kwa wingi kabla saa moja haijatimia. Asiye na jenereta inayojiwasha yenyewe abaki na banda la wazi.

Maranda yanayotandazwa sakafuni nayo huonyesha hali ya hewa bandani kabla kuku hawajaanza kuugua. Kila alfajiri mimi huchota kiganja kimoja karibu na vinyweshio na kukiminya: yakishikana kidogo kisha yakaachia vidole vikifunguka, hali ni nzuri, yakibaki donge, unyevu umezidi, na amonia na ugonjwa wa kuhara damu havitachelewa. Hapo huyageuza, huondoa yaliyolowa na kuinua vinyweshio hadi usawa wa mgongo wa kuku.

Kwa vifaranga, joto la kitalu liwe nyuzi 32 au 33 katika wiki ya kwanza, kisha lishushwe kama nyuzi 3 kila wiki. Jioni ya siku ya kwanza hupapasa kwa kidole kifuko cha chakula kilicho chini ya shingo ya vifaranga kadhaa. Kikiwa kimejaa na kulainika kama uji mzito, kifaranga amekula na kunywa. Kikiwa kigumu, maji hayajamfikia. Kikiwa kitupu, napaswa kuchunguza jiko la kuwapasha joto, mwanga na mpangilio wa vilishio usiku huohuo.

Chakula cha kuanzia huwa na protini ya asilimia 22 au 23, cha kukuzia karibu 20, na cha kumalizia 18 au 19. Wanaochanganya wenyewe wazingatie kwamba protini iliyozidi mahitaji huongeza joto mwilini, hivyo ni afadhali kusawazisha kwa laisini na methionini, viini vinavyounda protini, kuliko kurundika mashudu. Soya isitumike mbichi, kwa sababu ina viambato vinavyozuia usagaji wa protini tumboni. Mahindi, ambayo ni nusu ya mchanganyiko au zaidi, yasiwe na ukungu hata kidogo: sumukuvu, iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016, huharibu ini la kuku pia.

Ratiba ndiyo silaha rahisi kuliko zote, na inasikitisha kuona inavyopuuzwa. Joto litokanalo na usagaji wa chakula hupanda saa kadhaa baada ya kula, kwa hiyo kuku aliyeshiba saa 5 asubuhi hulibeba joto hilo katika saa mbaya kabisa ya mchana. Katika miezi ya kaskazi, kuku wa wiki ya nne na kuendelea hulishwa kuanzia saa 10 alfajiri, vilishio huinuliwa saa 4 asubuhi, na hurudishwa saa 10 jioni, taa zikiwaka sehemu ya usiku ili wafidie. Vilishio viwe vya kutosha, la sivyo watakanyagana vikirudi. Maji hayaondolewi kamwe. Kuku hunywa uzito wa karibu mara mbili ya chakula, na zaidi ya hapo wakati wa joto, kwa hiyo tangi liwe kivulini.

Wiki ya mwisho dagaa waondolewe kwenye mchanganyiko, kwani harufu yao hubaki katika nyama. Usiku wa kuuza, chakula kiondolewe muda wa saa 8 hadi 10 kabla ya kuchinjwa na maji yabaki hadi wakati wa kukamata. Matenga yaachiwe nafasi ya hewa, na gari liondoke Chanika kabla ya foleni ya asubuhi.