Turkana kabla ya kuchimba watu wanatembea

Nikiambia watu binamu yangu anafanya na watafiti wa mabaki ya kale huko Turkana, wote wanadhani anashinda na jembe kwa shimo. Wapi. Kazi yenyewe ni kutembea. Mnajipanga mstari, kila mtu na kipande chake, mnashuka mteremko polepole macho chini, stori hakuna, na jua la huko saa nne asubuhi tu mawe yashaanza kukuchoma kupitia soli ya kiatu. Nilienda kumuona likizo ya Agosti wakanikubalia nifuate nyuma bora nisiokote kitu, na hiyo ya nisiokote niliambiwa na karibu kila mtu kambini, hadi mpishi.

Sababu ni kwamba huko hakuna nyasi nyingi wala msitu wa kufunika ardhi. Upepo unakwangua, halafu mvua zenyewe ni chache lakini zikija zinakuja kwa fujo, zinabeba udongo, so kitu kilichozikwa miaka milioni mbili tatu kinajitokeza juu bila mtu kukigusa. Shida ni kwamba kikishatokea hakikai sana, mfupa unapasukapasuka na jua, mbuzi wanapita juu, msimu mwingine ukirudi ni vumbi. Ndio maana miteremko ileile inarudiwa kila baada ya mvua, hata kama ilishapitiwa mara ngapi.

Sasa mawe. Turkana imejaa mawe meusi ya volkano mpaka unachoka, na kati ya hayo ndio utafute moja lililogongwa na mtu wa kale akitengeneza zana. Mzee mmoja wa timu, mtu aliyekulia kuchunga mbuzi hukohuko, aliniita nikae chini nione moja bila kulitoa mahali pake. Jiwe lililopasuka na joto limepasuka ovyo tu. Lile la mtu lina kasehemu bapa pale ukingoni ambapo lilipigwa, chini yake kuna kauvimbe laini unakahisi ukipitisha kidole gumba, na mgongoni kuna makovu ya vipande vilivyotolewa kabla yake, vimefuatana upande mmoja. Ukishaonyeshwa hivyo vitu vitatu kwa jiwe moja unaanza kuviona. Mimi bado nilikuwa napita juu ya mengi, mzee anaonyesha tu na fimbo, "hilo, na lile," bila hata kusimama.

Na hii ya macho ndio inanifanya niandike, kwa sababu ukisoma habari za ugunduzi unaona jina la profesa na jina la chuo. Lakini angalia Lomekwi, upande wa magharibi wa Ziwa Turkana. Julai 2011 timu ya Sonia Harmand na Jason Lewis ilikosa njia, wakaishia mahali ambapo hawakuwa wamepanga kwenda, wakaamua kuzunguka hapo, na kufika saa ya chai Sammy Lokorodi, Mturkana wa hapo, akawa ameona mawe yaliyogongwa. Yalipopimwa yakatoka na umri wa miaka milioni 3.3! Kabla ya hapo zana za zamani zaidi zilizojulikana zilikuwa za Gona, Ethiopia, miaka milioni 2.6. Yaani umri uliruka miaka 700,000 kwa sababu ya mtu mwenye jicho na gari lililokosa njia. Na si vijiwe vidogo, kuna ya kilo 15, mtu wa leo ayabebe kwa mikono miwili.

Au Kamoya Kimeu, Mkenya aliyekuwa akitafuta mabaki kwa timu ya Richard Leakey. 1984, karibu na mto Nariokotome, siku ya mapumziko wengine wamelala kambini yeye akatoka kuzunguka, akaona kipande kidogo cha fuvu, rangi sawa na changarawe yote iliyokizunguka. Sijui aliona nini hapo, haki. Kutoka kwa kile kipande wakachimba na kuchekecha udongo mwingi sana hadi wakapata sehemu kubwa ya mifupa ya kijana aliyeishi kama miaka milioni 1.5 iliyopita. Kimeu alifariki 2022, na uliza watoto wa shule Kenya kama wanamjua. Jina la Leakey wanalo.

Umri nao hawaupati kwa mfupa. Volkano za zamani zilimwaga jivu, likatua tabaka juu ya tabaka kama chapati zimepangwa, na ndani ya jivu kuna chembe zinazopimwa gesi ya agoni, ambayo inajikusanya humo kadiri miaka inavyopita. Ukijua umri wa jivu la chini na la juu, kilicho katikati kimebanwa hapo.

Kitu kingine, usidhani watu wa kale wa huko waliishi kwa ukame huu. Miaka kama 10,000 iliyopita ziwa lilikuwa juu sana, ndio maana kule Lothagam unapata vyusa vya mfupa vya kuvulia samaki mahali ambapo leo maji huyaoni. Nataruk iko kama kilomita 30 kutoka ziwani sasa lakini ilikuwa kando ya maji, na hapo ndipo mabaki ya watu 27 yalipatikana, mmoja bado ana kipande cha jiwe kali ndani ya fuvu. Wataalam wanabishana kama wote waliuawa siku moja. Mimi nikiona jiwe kwa fuvu siulizi mengi.

Kama uko pande hizo na umeona kitu, usikiokote. Kikitoka kwa tabaka lake umri wake umepotea, na kisheria pia utajiletea shida. Wenyewe wakipata wanarundika vijiwe kando kama alama, wanachukua GPS, kisha wanaita wengine. Wewe piga picha, weka alama hivyohivyo, uwaambie watu wa makumbusho. Na waambie waandike jina lako.