Mkaa wa vifuu wa kufyonza maikrowevu: usizidishe unga

Wengi wanaotengeneza bamba la kufyonza mawimbi ya maikrowevu kwa mkaa wa vifuu vya nazi hudhani unga ukizidi, ufyonzaji nao unazidi. Sivyo. Chembe za kaboni zikishagusana kila upande, bamba linapitisha umeme na kufanya kazi ya kioo: wimbi linagonga uso na kurudi lilikotoka.

Ondoa makumbi yote, vunja vifuu vipande vidogo, kausha kwa nyuzi 105 usiku kucha. Choma katika tanuri lenye mkondo wa nitrojeni, ukipandisha nyuzi 5 kwa dakika hadi 800, kisha lishikilie hapo kwa muda wa saa 2. Ukiishia chini ya 600, kaboni bado haipitishi umeme wa kutosha na wimbi litapita bila kupungua sana. Usifungue tanuri kabla halijapoa kabisa, maana mkaa wa moto ukikutana na hewa unabaki majivu. Kilo 1 ya vifuu hutoa takribani robo kilo. Vaa barakoa, saga, chekecha kwa chekeche la mikromita 75.

Kausha unga tena kabla ya kuuchanganya na epoksi, gundi ya majimaji inayoganda na kuwa ngumu. Mkaa huu hunyonya unyevu wa hewa, pwani ndiyo usiseme, na maji yenyewe hufyonza maikrowevu, kwa hiyo vipimo vitabadilika kila hali ya hewa ikibadilika. Andaa sampuli za asilimia 10, 20 na 30 ya unga kwa uzito. Toa mapovu kwa pampu ya ombwe, na subiri epoksi ianze kuwa nzito ndipo umimine. Ikiwa nyepesi, unga huzama chini.

Unene ndio unaowashinda wengi. Kwenye gigahezi 10, wimbi lina urefu wa milimita 30 hewani. Gawa kwa 4, kisha gawa kwa kipeuo cha pili cha pemitiviti ya bamba, yaani namba inayoonyesha jinsi bamba linavyofupisha wimbi likilinganishwa na hewa. Pemitiviti ikiwa 9, unene ni milimita 2.5. Ukiacha 2.8, kilele cha ufyonzaji kinahamia karibu gigahezi 8.9. Piga msasa taratibu, ukipima kwa vernia.

Unapopima mwakisiko, yaani wimbi linalorudi, bandika bamba juu ya alumini. Pasipo metali nyuma, wimbi hupenya na kwenda zake, nawe utadhani limefyonzwa. Kwa bamba lenye metali nyuma, mwakisiko wa desibeli -10 maana yake asilimia 90 ya nguvu imefyonzwa. -20 ni asilimia 99.