Siku moja maishani mwangu: mimi ni mtu wa labo (maabara), Bukavu

Saa kumi na moja na nusu asubuhi niko macho, bomba halina maji leo kwa hiyo naoga ya bidoni, watoto wamevaa, chai na mandazi mawili, bluzi nyeupe kwenye sakoshi. Kutoka Kadutu nateremka kwa miguu mpaka barabara kubwa ju mvua ikianza motari, wale wa pikipiki, wanapandisha bei.

Saa moja kamili nafungua labo na kwenye benchi tayari kuna watu kumi na kitu. Naandika hii kwa sababu wengi wanafikiri kazi yetu ni kuchoma sindano na kuandika "malaria, plus mbili" halafu akili yote iko kwa dokta. Miaka kumi na moja niko kwenye hii kazi. Niulizeni.

Saa moja mpaka saa nne ni malaria, mkojo, choo, sukari, mama wajawazito wa grupu ya damu, inapita tu mkono unafanya wenyewe.

Saa nne na kidogo njo siku ilipobadilika. Kulikuwa na mtoto mwanaume, kilo 30 hivi, homa wiki tatu, mifupa inamuuma, fizi zinatoa damu akipiga mswaki. Dokta ameomba NFS, yaani hesabu kamili ya damu. Stajiere, mwanafunzi anayejifunza kazi kwetu, alichukua damu vizuri lakini tube ya kifuniko cha zambarau ina dawa ndani ya kuzuia damu isigande, unatakiwa kuipindua polepole mara nane mpaka kumi, yeye aliisimamisha tu kwenye kibao. Ikaganda. Damu iliyoganda haihesabiki, ukiihesabu unadanganya mgonjwa. Basi nikatoka mwenyewe kumwita mtoto tena.

Baba yake akawaka pale pale.

"Weye mama, asubuhi mumekamata damu, sasa tena? Munaipeleka wapi? Munauzisha damu ya batoto!"

Nikamwambia papa samahani sana, ile ya kwanza imeganda, kosa ni letu, haulipi tena hata franka moja. Hakusikia. Koridoo nzima imegeuka, mama mmoja kwenye benchi akaongezea "ni kweli banauzisha", mwingine akasema shemeji yake walimkamata tube tano, na mimi nimesimama pale na glavu mkononi karibu nusu saa naelezea kitu kile kile. Hilo neno la kuuza damu nalisikia karibu kila wiki na bado linaniuma kama siku ya kwanza. Nikamwonyesha tube: papa, hii ni mililita 2. Mtoto wa kilo 30 ana damu lita 2 na zaidi mwilini. Nimechukua sehemu moja ya elfu, na hata hiyo mwili unairudisha. Nani atanunua hii?

Akanyamaza. Nikamuuliza kwa sauti ya chini, homa mlimpa dawa gani nyumbani? Akatoa mfukoni karatasi ya aspirini, imebaki vidonge viwili. Mara tatu kwa siku, wiki nzima.

Moyo wangu ulishuka. Wazazi wengi hawajui hii na si kosa lao, dukani wanauziwa hivyo hivyo. Mwili ukipigana na ugonjwa unatengeneza vitu vinaitwa prostaglandini, ile ya aina ya E2 njo inaambia ubongo upandishe joto, aspirini inazuia kuzitengeneza na homa inashuka. Ni mtafiti John Vane aliyeonyesha hiyo njia mwaka 1971, na mwaka 1982 alipata Nobel pamoja na Bergström na Samuelsson. Lakini mlango huo huo ukiufunga, plaketi, zile chembe za kuziba kidonda, nazo zinakosa kitu chao cha kujishikiza, na plaketi iliyoguswa na aspirini haiponi mpaka ife, siku saba mpaka kumi. Na mtoto mwenye homa ya virusi aspirini inaweza kumharibia ini na ubongo. Fizi zinatoka damu halafu unampa aspirini, hapana, hapana.

Nilimchoma, na damu ikakataa kusimama. Tulibonyeza pamba dakika kumi na mbili, kwanza kidole changu, halafu cha baba, halafu changu tena. Ugomvi uliishia hapo kwenye ile pamba, hakuna aliyeomba msamaha, tulibonyeza tu.

Umeme ulikuwa umekatika na mafuta ya jenereta yanawekewa chumba cha upasuaji, kwa hiyo nilichukua mikroskopi ya zamani yenye kioo chini nikaiweka dirishani. Hesabu ya kawaida: unazimua damu mara 20, unahesabu vyumba vinne vya pembeni, unazidisha kwa 50. Mtu mzima mwenye afya anapata kati ya elfu nne na elfu kumi za chembe nyeupe za damu kwenye mikrolita moja. Huyu mtoto sikuweza kuhesabu, zilijaa kama mchanga. Nikazimua mara 100, nikaanza upya, nikazidisha kwa 250. Zaidi ya laki moja. Nikarudia. Zaidi ya laki moja tena. Nikapaka damu kwenye kioo, nikatia rangi ya Giemsa, nikatazama moja moja: kubwa, kiini kimejaza chembe yote, changa ambazo hazikutakiwa kutoka kwenye uboho. Macho yanatoa machozi, shingo imekaza, chakula sijala, sijui ilikuwa saa ngapi.

Sina haki ya kuandika lukemia, yaani saratani ya damu. Niliandika nilichokiona, nikapeleka karatasi kwa dokta kwa mkono wangu ju karatasi kama hiyo haitumwi na stajiere. Kwenye koridoo baba akaniuliza "mama, umeona nini?" Nikamwambia dokta atakuita papa, na aspirini usimpe tena.

Jioni, sombe na ugali, watoto wamelala, nasoma kwenye simu ju Jumamosi naelezea stajiere. Niliichagua hii mada kabla ya huyu mtoto: prostaglandini kwenye chembe za lukemia zenye virusi. Watu wanasema prostaglandini kama vile ni kitu kimoja, kumbe ni ukoo. Mwaka 1980 mtafiti Gabriella Santoro na wenzake walionyesha kwamba zile za aina ya A zinazuia virusi vya Sendai, virusi vya panya, kuzaana kwenye chembe za maabara. Baadaye wakazijaribu kwenye K562, chembe zilizotoka kwa mgonjwa mmoja wa lukemia miaka ya 1970 na mpaka leo zinagawanyika kwenye maabara za dunia: hizo chembe zinapunguza kugawanyika, na zinaanza kutengeneza protini ya HSP70, ile ambayo chembe inaitoa ikipata joto kali. Protini hiyo ikiingia kazini, protini za virusi zinakosa nafasi ya kutengenezwa. Lakini E2, ndugu yao wa homa, imeonekana kuamsha HTLV-1, virusi vinavyoleta lukemia ya watu wazima na ambavyo viko hata huku Afrika ya Kati. Ukoo mmoja, mmoja anafunga mlango mwingine anaufungua. Hayo ni ya kwenye sahani ya maabara, hakuna kidonge cha kumpa yule mtoto, nitawaambia stajiere hivyo wazi wasije wakaahidi watu.

Kesho wa kwanza ni yeye, dokta ameomba tube nyingine. Stajiere nimemtumia ujumbe: uje mapema, utachukua weye, na utapindua mara kumi mbele yangu.