Neema ya Leo Hutosha kwa Leo

Wapendwa katika Bwana, wengi wetu husali kila siku, "Utupe leo riziki yetu," kisha tunainuka magotini na kuanza kuihangaikia riziki ya mwaka mzima ujao. Tumeketi mezani pamoja na jamaa zetu, tunasikia sauti zao, lakini moyo umekwisha kwenda kwingine: kwenye ada ambayo bado haijadaiwa, kwenye majibu ya daktari ambayo hayajatoka, au kwenye maneno makali tuliyoambiwa zamani na ambayo hadi leo tunayatungia majibu. Juma hili ningependa tutafakari neema ya kuishi katika siku tuliyopewa, kwa sababu naamini kwamba Mungu hukutana nasi humo, wala si katika siku tunazozibuni kwa hofu zetu.

Katika sura ya 16 ya kitabu cha Kutoka, wana wa Israeli walipewa mana jangwani kwa kipimo cha pishi moja kwa kila mtu kwa siku. Waliobakiza hadi asubuhi, kinyume cha agizo la Musa, waliikuta imeingia mabuu na kunuka. Lakini inafaa tuisome sura yote, kwa maana siku ya sita Mungu yule yule aliwaagiza wakusanye pishi mbili, na ile iliyowekwa kwa ajili ya Sabato haikuoza. Kosa halikuwa kuweka akiba. Hata Yusufu aliweka nafaka katika miaka 7 ya shibe kwa ajili ya miaka 7 ya njaa, na kupanga kwa utii wa namna hiyo ni kazi ya leo kama zilivyo kazi nyingine za leo. Iliyooza ni ile iliyofichwa na watu ambao hawakuamini kwamba aliyewalisha leo angewakumbuka tena kesho, ilhali kwa miaka 40, hadi walipofika mipakani mwa nchi ya Kanaani, hakuwasahau. Mateso mengi tunayoyapitia mawazoni kabla hayajafika ni ya aina hiyo: yanatulemea kupita kiasi kwa kuwa neema ya siku hiyo bado haijashushwa.

Hata hivyo, sehemu ya Maandiko inayonigusa zaidi katika jambo hili ni Marko 5:21-43. Jairo, mkuu wa sinagogi, anaanguka miguuni pa Yesu na kumsihi sana aje, kwa kuwa binti yake mdogo yu katika kufa. Ni vigumu kufikiri safari ya haraka kuliko hiyo. Yesu anakubali, wanaondoka, umati unamsonga, na katikati ya njia anasimama na kuuliza, "Ni nani aliyenigusa mavazi yangu?" Wanafunzi wanalishangaa swali hilo, na nadhani wengi wetu tungesimama upande wao, maana tumezoea kumpima mtu kwa jinsi anavyotuchelewesha. Yesu anazidi kutazama mpaka mwanamke aliyetokwa na damu kwa miaka 12, na ambaye amemaliza mali yake yote kwa matabibu, anapojitokeza akitetemeka na kumweleza kweli yote. Tuliangalie vizuri jambo hili: mwanamke huyo alikuwa amekwisha kupona kabla Yesu hajauliza. Angeweza kuachwa aende zake kimya, na Jairo asingecheleweshwa hata kidogo. Lakini Yesu alitaka kumsikiliza hadi mwisho na kumwita "Binti" mbele ya umati, yeye ambaye kwa mujibu wa torati alikuwa amehesabiwa najisi miaka hiyo yote.

Naye Jairo? Injili haitaji neno lolote alilolisema alipokuwa akingoja, na siwezi kupita hapo bila kumwonea huruma. Siku yake ilikuwa chungu, na kumwambia mtu aliye katika hali hiyo aufurahie wakati uliopo kungekuwa ukatili. Yesu akiwa bado anasema na mwanamke yule, watu wanafika kutoka nyumbani kwa Jairo na habari kwamba mtoto amekwisha kufa. Bwana anamjibu kwa ufupi, "Usiogope, amini tu." Hamfafanulii atakalolitenda wala saa atakayolitenda, anampa neno linalotosha kwa hatua zilizobaki hadi mlangoni pake, kisha anakwenda pamoja naye. Kwa ndugu na dada ambao leo yao ni kitanda cha hospitali, au matanga, au deni lisilolipika, naona faraja kubwa hapa, kwa sababu hatudaiwi kuipenda kila siku inayotujia, ila tunaitwa kuipita pamoja na yeye aliyekubali kuja nasi. Bwana mwenyewe alisema, "Yatosha kwa siku maovu yake" (Mathayo 6:34), na kwa kusema hivyo hakukana kwamba maovu yapo.

Basi juma hili, anayezungumza nasi tumpe macho na masikio yetu, simu ikiwa imewekwa kando, hata kama anachosema tumekwisha kukisikia. Wasiwasi wa kesho unapotujia, tujiulize kama kuna jambo la utii tunaloweza kulitenda leo kuhusu hilo linalotusumbua. Likiwapo, tulitende bila kuahirisha. Lisipokuwapo, tulitaje waziwazi mbele za Mungu na kumwachia, hata tukilazimika kufanya hivyo mara nyingi kabla ya jua kuchwa. Na usiku, kabla ya kulala, tuwakumbuke watu tuliokutana nao mmoja mmoja, tukimwomba Bwana atuonyeshe kama yupo aliyekuwa akitaka kutueleza neno nasi tukampita kwa haraka zetu. Akituonyesha mtu, na tukiweza kumpata kwa simu, tumpigie usiku huo huo.