Kamera Mbili, Harusi Moja: Siku Yangu Unguja

Saa 11 alfajiri

Adhana imenikuta macho. Juu ya meza ya jikoni nimeweka kamera mbili na mizani yangu ya kupimia unga. Ya kwanza ni Sony A7 III, mirolesi, yaani kamera isiyo na kile kioo cha ndani kinachoruka kila unapopiga. Imefungwa lenzi ya Tamron ya milimita 28 hadi 75: kwa 28 inaona upana, kwa 75 inavuta karibu. Bodi gramu 650, lenzi gramu 550: kilo moja na gramu 200, na hapo sijaongeza flashi wala betri ya akiba. Ya pili ni Ricoh GR III, kampakti ya mfukoni. Gramu 257, betri na kadi zikiwa ndani.

Zote si zangu. Kubwa inauzwa na mwenzangu wa kazi aliyehamia kwenye video. Ndogo ni ya mtoto wa mama yangu mdogo, amekuja mapumziko kutoka Maskati na kesho anarudi. Kila mmoja ananitaka jawabu leo usiku. Kamera yangu ya zamani, ya kioo, shata yake, kile kipazia kinachofunguka na kujifunga unapobonyeza, imeanza kukwama, na akiba niliyojiwekea tangu Ramadhani inatosha kununua moja tu kati ya hizi. Nikichukua ndogo nitabakiwa na fedha ya kuanzia kununua kompyuta. Nikichukua kubwa sibakiwi na kitu.

Basi leo nazibeba zote mbili.

Saa 12 na nusu asubuhi

Niko diko la Malindi. Mgahawa mmoja wa Shangani umeniagiza picha za samaki, wanataka wateja waone wametoka wapi. Mashua za usiku zimeshafika. Wachukuzi wanapita mbio na jodari begani, maji ya chumvi yanawachuruzika mgongoni, dalali ameshaanza kupiga mnada wa changu na hasikii la mtu.

Nimeanza na kubwa. Nimeinyanyua tu, mchukuzi wa kwanza akasimama, akakaza kifua, akatabasamu. Wa pili akaniuliza, "Dada, hii ya gazeti gani?" Wa tatu akajifunika uso na mkono akapita. Picha tatu, na hakuna hata moja ya mtu aliyekuwa akifanya kazi yake.

Nikairudisha mkobani, nikatoa ndogo.

Hapa nataka kueleza jambo moja, maana ndilo linaloifanya GR ipendwe na wapiga picha wa mitaani. Lenzi yake haivuti karibu wala haisogezi mbali. Ni upana mmoja tu, sawa na milimita 28 kwenye kamera kubwa. Lakini unaweza kuipangia umbali kabla: mita 1, mita 1 na nusu, mita 2. Ukiweka mita 1 na nusu na tundu la lenzi f/8, yaani umelibana, kila kitu kuanzia kama mita 1 mbele yako hadi kama mita 5 kinatoka vizuri. Ukibonyeza moja kwa moja haitafuti fokasi, kwa hiyo haikucheleweshi. Kazi inayobaki ni ya miguu yako: sogea, simama mahali pake, bonyeza. Shata yake iko ndani ya lenzi, na mlio wake ni mdogo kuliko kucha ikigusa meza.

Nikasimama bega kwa bega na dalali. Mikono yake, noti zilizolowa, jicho la mama mmoja mchuuzi anayehesabu changu kwa midomo bila kutoa sauti. Hakuna aliyenitazama. Kwa dakika arubaini nilikuwa kama mtu aliyekuja kununua kitoweo. Nimefanya kazi hii miaka tisa, na pale dikoni sijawahi kupata picha za namna ile.

Kilichonitia hofu ni maji. GR III haikuzibwa kuzuia vumbi wala unyevu, na lenzi yake hutoka na kurudi ndani kila unapowasha na kuzima. Pale kila mchukuzi anayepita anakurushia matone ya chumvi. Kila baada ya picha chache nilikuwa naifunika kwa ncha ya mtandio, kama mtu anayemkinga mtoto na upepo.

Saa 3 asubuhi

Chai ya tangawizi, mkate wa kumimina, na yule mdogo wangu wa Maskati ambaye ameshakaa kitako kunisomesha. "Dada, sensa ya hii si ndogo kama ya kampakti nyingine. Ni ya kipimo cha APS-C, milimita 23.5 kwa 15.6, pikseli milioni 24. Hilo dude lako nalo ni milioni 24."

Ni kweli, hakukosea. Sensa ni kile kibao cha ndani kinachopokea mwanga. Kampakti nyingi za mfukoni, kama zile za jamii ya Sony RX100, zina sensa ya milimita 13.2 kwa 8.8. Hii ya Ricoh ni kubwa zaidi ya mara tatu. Lakini ya A7 III ni kiasi cha milimita 36 kwa 24, nayo inaizidi ya Ricoh kwa eneo mara mbili na ziada. Mchana wa jua hutaiona tofauti hiyo. Usiku ukumbini ni kama kupewa taa ya pili.

Hakubishana. Akanimiminia chai nyingine, akasema, "Ukiitaka, nakuachia kwa bei ya ndugu."

Saa 4

Studio. Picha za pasipoti, watu sita. Hapa sina la kufikiri: lenzi pana ukiisogeza usoni huvimbisha pua na kurudisha masikio nyuma. Kubwa, milimita 75, ukuta mweupe, basi.

Saa 6 mchana

Nyumba moja ya Mji Mkongwe inataka picha za mlango wake wa kuchonga kabla fundi hajaugusa. Jua liko utosini. GR haina kidirisha cha kutazamia, ni skrini tu, na kwa jua hili la kwetu skrini imegeuka kioo cha kujitazama: naona mtandio wangu na mbingu. Nimepiga kwa kukisia. Kwa A7 III nimeweka jicho kwenye kidirisha na nimeuona kila msumari wa shaba, na kivuli chake.

Na betri ya ndogo imeshakuwa nyekundu. Kiwanda chenyewe kinasema kama picha 200 kwa chaji moja, na mimi asubuhi dikoni nilizipita. Nimeichomeka kwenye pawabenki ndani ya mkoba, huku natembea.

Saa 10 alasiri

Sasa ndiyo kazi yenyewe.

Kwa wasiojua: mimi ni mpiga picha wa upande wa wanawake. Msikitini kwenye nikaha yumo mwenzangu wa kiume, mimi niko ndani kwa bi harusi, mahali ambapo yeye hawezi kutia mguu. Wanawake humo wamevua mabuibui, nywele ziko wazi, wengine wamejifunga kanga tu wanapakana hina. Mlangoni pamewekwa kikapu, na kila anayeingia anaacha simu yake humo. Mimi peke yangu naruhusiwa kuingia na kamera. Hiyo ni amana, na nimeijenga nyumba moja baada ya nyingine kwa miaka.

Chumba ni kile cha kizamani, kuta nene za mawe, dari la boriti. Vyumba vyetu vya Mji Mkongwe ni vyembamba kwa sababu upana wake uliamuliwa na urefu wa boriti ya mkoko. Ukiwatia humo wanawake kumi na wanne, kitanda, na sinia ya asumini, hubakiwi na nafasi ya kurudi nyuma. Kamera zote mbili zinaanzia milimita 28, kwa hiyo kwa upana zinalingana. Mwanga unatoka dirisha moja tu.

Nimepiga hina kwa ndogo. Ina namna ya kusogea hadi sentimita 6 kutoka kwenye kitu, na ua la piko kwenye kidole cha bi harusi limetoka kubwa kama sahani. Nikajisemea moyoni: naichukua hii.

Halafu nikageuka. Dirishani alikaa shangazi yake bi harusi, mtu mzima, nywele zake nyeupe zote amezifungua anazichana, vikuba vya asumini mapajani, mwanga umemlalia ubavuni. Nikabonyeza. Hakusikia. Hakuna aliyesikia.

Nikaitazama ile picha na moyo ukanienda mbio. Ilikuwa picha bora ya siku, labda ya mwaka.

Nikamwendea. "Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu."

Nikamwonyesha. Akatazama kwa muda mrefu. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Akakusanya nywele zake kwa mkono mmoja, kwa mwingine akavuta kanga kichwani, akasema taratibu, "Sikukuona. Ifute, mwanangu."

Nimeifuta mbele yake, nikamwonyesha na kumbukumbu ya ndani ya kamera, ile ya gigabaiti 2, kwamba haimo na humo pia.

Somo wa bi harusi, yule mama anayemfunda, alikuwa ameona yote. Akaniita pembeni, akaichukua GR mkononi mwangu, akaigeuza mbele na nyuma. "Hii si simu?" Nikamwambia si simu, bi. Akasema, "Hilo kubwa lako ukilinyanyua tunaliona. Asiyetaka anajifunika, anayetaka anajitengeneza. Haka kanaingia bila hodi."

Akanirudishia. Nikakatia mkobani, nikafunga zipu.

Nataka nieleweke. Kamera ya Ricoh haina kosa. Ukimya ule ule ndio ulionipa mikono ya dalali asubuhi, na asubuhi niliushukuru. Lakini dikoni ni hadharani, kila mtu anajua anaonekana. Chumba kile watu wameacha simu kikapuni ili wasionekane, na mimi nikaingia na kitu kinachofanana na simu na kisicholia. Nilikuwa nimepima gramu na pikseli tangu alfajiri, na hili halikunijia hata mara moja.

Saa 2 usiku

Ukumbini, upande wa wanawake. Taarabu imepamba moto, watu wanakwenda kutunza, noti zinapepea, dhahabu inang'aa. Taa za LED za kila rangi. Nimetoa kubwa, na kubwa imefanya kazi niliyoitarajia: inashika jicho la mtu na hailiachii hata akicheza, nimepandisha usikivu wake wa mwanga hadi ISO 6400 na ngozi bado ni ngozi, na kwa milimita 75 namfuata anayetunza kutoka kwenye kiti changu bila kusimama mbele ya wageni. Ina nafasi mbili za kadi na kila picha inaandikwa kwenye zote mbili. Arusi hairudiwi. Kadi ikifa, ile ya pili inayo. GR ina nafasi moja.

Mwenzangu anayeiuza aliiacha kwenye shata ya kimya, ile ya kielektroniki. Picha za kwanza zikatoka na mistari myeusi ya mlalo, kama mkeka. Ni kawaida ya taa za LED: zinawaka na kuzimika kwa kasi ambayo jicho haliioni, na shata ya kielektroniki husoma sensa mstari kwa mstari, kwa hiyo mistari mingine inasomwa taa zikiwa zimefifia. Nikairudisha kwenye shata ya kawaida, ikaanza kulia. Klak. Klak. Wanawake wa meza ya mbele wakageuka, wakarekebisha mitandio, mmoja akaniashiria kwa kidole: mie usinipige. Nikamwitikia kwa kichwa, nikasogeza lenzi.

Karibu na mwisho shangazi alikuja mwenyewe. Amevaa gauni la zambarau, mtandio umefungwa vizuri, vikuba shingoni. Akasimama mbele yangu, mabega sawa. "Haya, sasa nipige."

Nimempiga tatu.

Saa 5 usiku

Mdogo wangu amekuja kunichukua kwa vespa. Tumepita Darajani, maduka yamefungwa, mkoba uko katikati yetu. Nimemwambia nachukua kubwa. Aliuliza sababu, nikamhadithia habari ya shangazi, na alinyamaza hadi tulipofika Michenzani.

Mwenzangu nimeshamtumia ujumbe: kesho mchana namletea fedha. Kompyuta itasubiri, pengine hadi msimu mwingine wa arusi. Sasa namimina kadi kwenye kompyuta hii kuukuu, picha 740, nayo inavuta kama punda mgonjwa. Za dikoni nimezitenga kwenye folda yake. Yule mama mchuuzi anayehesabu kwa midomo, nimeshamfungua mara nne.

Nikabisha mlango wa chumba cha wageni. "Ndege yako saa ngapi?"

"Saa 6 mchana, dada. Kwani?"

"Niachie hiyo ndogo mpaka saa 2. Asubuhi nataka nirudi Malindi."

Akanipa na chaja yake. Saa ya kuniamsha nimeitega saa 11.