Wavu ulio ndani ya maji: mafundo, nyuzi na jeli isiyochanika

Jumamosi iliyopita nilikaa na mjomba wangu kwenye mwalo wa Igombe, yeye akishona wavu wa sangara na mimi nikimsumbua kwa maswali kama nilivyozoea tangu utotoni. Usiku wa kuamkia siku hiyo samaki mkubwa alikuwa amepita katikati ya wavu huo na kuacha tundu ambalo mtoto angeweza kupenya. Nilipomwuliza kwa nini asiongeze mafundo ili wavu uwe imara zaidi, alicheka, akasema kwamba wavu uliokazwa kupita kiasi haunyumbuki, na kisichonyumbuka samaki hukikata kwa mkupuo mmoja. Mjomba hajasoma kemia hata siku moja, ila mimi ninayeifundisha nimetumia miezi kadhaa kulielewa jambo hilohilo katika haidrojeli, yaani jeli iliyojaa maji.

Anayetaka kuiona haidrojeli na achane nepi ya mtoto na kuumwagia maji ule unga mweupe uliomo. Baada ya dakika chache atapata punje laini zinazoteleza, nazo ni nyuzi ndefu za polima (molekuli zilizo kama mnyororo) zilizoungwa kwa mafundo machache ya kikemia, zikibeba maji yanayozidi uzito wake mara nyingi. Ukizibana kwa vidole zinasagika. Niliwahi kuamini kwamba unyonge huo hauna dawa, kwa sababu kitu ambacho karibu chote ni maji kingetoa wapi nguvu? Kumbe gegedu la goti, ile tishu nyororo inayofunika ncha za mifupa, nalo zaidi ya nusu ya uzito wake ni maji, na ndilo linalomhimili mpagazi anayepakia magunia ya dagaa kwenye lori kutwa nzima.

Hapa inabidi tutenganishe maneno mawili ambayo wanafunzi wangu huyachanganya kila mwaka. Ugumu ni ukaidi wa kitu dhidi ya kuvutwa; ushupavu ni nishati inayotumika kuupeleka mbele mpasuko ambao tayari upo. Kioo ni kigumu lakini si shupavu. Ukiongeza mafundo kwenye jeli ya kawaida, ugumu unapanda na ushupavu unashuka, na sababu yake ilielezwa na watafiti Lake na Thomas mwaka 1967 walipochunguza mpira: ili uzi mmoja ukatike, vifungo vyote vilivyo kati ya fundo na fundo lazima kwanza vivutwe karibu na kikomo chake, kisha kimoja kikikatika, nishati iliyokuwa katika vyote inapotea. Uzi mrefu kwa hiyo humgharimu mkataji zaidi kuliko uzi mfupi, na kuongeza mafundo ni kuzifupisha nyuzi.

Njia ya kutoka katika mtego huo ndiyo inayonivutia kuliko yote. Mwaka 2003 Jian Ping Gong na wenzake wa Chuo Kikuu cha Hokkaido, Japani, walitengeneza jeli yenye mitandao miwili ndani ya nafasi moja: wa kwanza mgumu, wenye mafundo mengi na mwepesi kukatika; wa pili mlegevu, wenye nyuzi ndefu, na wingi wake ukizidi ule wa kwanza mara nyingi. Jeli ikivutwa, mtandao wa kwanza hukatikakatika katika eneo pana kuzunguka ncha ya mpasuko na kumeza nishati, huku wa pili ukizuia umbo lisiachane. Kasoro yake ni kwamba kilichokatika hakirudi, kwa hiyo mvuto wa pili huikuta jeli ikiwa dhaifu.

Mwaka 2012 kundi la Zhigang Suo wa Harvard lilipunguza kasoro hiyo kwa kutumia alginati, inayotokana na mwani wa kahawia, ambayo mafundo yake ni ioni (chembe zenye chaji ya umeme) za kalsiamu, pamoja na nyuzi ndefu za poliakrilamidi. Ioni zikiachia, zinaweza kushika tena jeli ikipumzishwa. Jeli hiyo, ambayo takribani asilimia 90 ni maji, ilivutika zaidi ya mara 20 ya urefu wake, na hata ilipotiwa mkato kwanza ilifika mara 17. Nishati ya kuichana ilikuwa karibu jouli 9,000 kwa mita ya mraba, wakati jeli nyingi za kawaida zina kama 10 tu na gegedu kama 1,000.

Nakiri kwamba mfano wa wavu una mipaka yake: nyuzi za jeli zimejikunja ovyo katika pande zote tatu, na hakuna anayezipanga kama macho ya wavu. Lakini hata ovyo huo una kazi. Mwaka 2021 kundi hilohilo la Suo lilionyesha jeli ambayo nyuzi zake zimetatizana mahali pengi kuliko zilivyofungwa mafundo. Ukivuta uzi mmoja, mvuto unasambaa kwa jirani zake wengi, na jeli inapata ugumu bila kuupoteza ushupavu.

Nilipomweleza mjomba haya yote hakushangazwa na mara 17. Aliikata kamba kwa meno, akauliza, "Na ukiulaza majini usiku kucha?" Swali lilikuwa mahali pake. Jeli nyingi zikiachwa majini huendelea kuvimba, nyuzi zikafika kwenye kazi zikiwa tayari zimevutwa, na ushupavu ukapungua. Ile ya alginati, ikikaa kwenye maji ya chumvi, huweza kupoteza kalsiamu yake kidogo kidogo, sodiamu ikichukua nafasi. Nilimwambia hivyo. Akaguna, akanikabidhi sindano, akanionyesha tundu la pili.